Sikumtaja Mtu: Kisa cha Fundi wa Majoho

Mkutano wa injili ulianza Jumatano na ulikuwa ufungwe Jumapili. Ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi, pembezoni mwa jiji la Dodoma, huko lami inakoishia na vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Spika zilikuwa sita: tatu zimeelekezwa uwanjani, tatu kwenye nyumba za watu, ili asiyekuja kulifuata neno, neno limfuate. Mwinjilisti alikuwa mgeni, si mtu wa mkoa huu. Ijumaa, karibu saa tatu usiku, alisema maneno ambayo nimeyasikiliza mara nyingi kwenye simu ya kijana aliyerekodi:

"Mnaomba mvua. Mvua itatoka wapi? Kwenye mtaa huu huu yupo mwanaume anayelala na wanaume. Mnamjua. Mnamsalimia. Mikono yake ndiyo inayoshona nguo mnazovaa kumwimbia Bwana! Nasema usafisheni mtaa wenu! Usafisheni kabla Mungu hajausafisha mwenyewe!"

Umati ukaitika amina. Mchungaji mwenyeji, aliyekaa jukwaani kiti cha pili, naye akaitika.

Saa saba usiku watu sita au saba waligonga dirisha la fundi cherehani, nyumba ya nne kutoka uwanjani. Walimtoa wakimburuta. Mkono wake wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko. Cherehani ilitolewa nje ikamwagiwa mafuta ya taa. Meza ya mbao ikateketea, chuma kikabaki cheusi. Majoho saba ya kwaya yaliyokuwa yamekatwa lakini hayajaunganishwa aliyaokoa mama mwenye nyumba, akayafungia stoo. Mmoja wa waliomburuta fundi alikuwa bado amevaa fulana ya wahudumu wa mkutano.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kisa hiki nimekishona kwa vipande vya visa kadhaa vilivyopita mikononi mwangu, hivyo msomaji asihangaike kutafuta ni mtaa gani au kanisa lipi. Kila ninapokisimulia kwenye mafunzo, mkono wa kwanza kunyooshwa huuliza: kwani alikuwa kweli? Huwa sijibu. Lakini nawaambia wachukulie kwamba jibu ni ndiyo, halafu tuendelee, maana hoja inayosimama tu kama fundi "alisingiziwa" haimlindi mtu yeyote.

Waliopiga, mtaa mzima unawajua, na sheria juu yao haina utata. Wanaonisumbua ni watatu ambao hawakushika fimbo: mwinjilisti aliyesema, mzee wa kanisa aliyempa la kusema, na mchungaji aliyekuwa pale jukwaani.

Karatasi

Nianze na mzee wa kanisa, kwa sababu watu humsahau. Mwinjilisti aliingia Dodoma Jumanne jioni. Hakumjua fundi, wala hakujua kwamba kwaya hiyo ina mtu mmoja anayeishonea. Alijua Ijumaa mchana, alipopewa karatasi ya "mambo ya kuombea mtaa". Kuandaa karatasi kama hii ni desturi: mgeni hupewa orodha ya shida za mahali ili mahubiri yaguse. Ya safari hiyo ilikuwa na mambo matano, kwa mwandiko mzuri wa mzee aliyewahi kuwa karani: ulevi wa pombe za kienyeji, vijana wa bodaboda, ndoa zinazovunjika, ukame, na la mwisho, "fundi wetu na tabia yake". Neno "wetu" lilinishtua. Huyo ni mtu wao. Walikuwa wakimpelekea vitambaa tangu miaka mitatu nyuma.

Mzee aliniambia hakuwa na nia mbaya, alitaka aombewe. Namwamini. Lakini tetesi za kwenye foleni ya maji ni kitu kimoja, na tetesi iliyoandikwa na mzee wa kanisa ikapewa mtu mwenye spika sita ni kitu kingine kabisa. Ikishatoka kwenye karatasi hiyo haiitwi tetesi tena.

Bibi

Jumanne iliyofuata nilimsindikiza bibi yake fundi nyumbani kwa mchungaji. Alikuwa ametoka kijijini, wilaya ya Chamwino, amebeba mlenda mkavu kwenye kitambaa, kwa sababu huendi kwa mtu mikono mitupu hata kama umekwenda kumlaumu.

"Mbukwa, baba," alisema bibi mlangoni.

Mchungaji si Mgogo, lakini ameishi hapa miaka mingi. "Mbukwa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Tulikaa. Mchungaji alianza yeye. Alisema ameumia mno, na usiku ule hakulala. "Lakini bibi, nakuomba unielewe. Pale tulihubiri dhambi. Hakutajwa mtu."

"Mafundi wanaowashonea majoho ni wangapi?"

Alikaa kimya kidogo. "Ni yeye."

"Basi mlimtaja."

Nimesoma hukumu na maandiko ya mawakili kuhusu uchochezi, ila sijaona hoja iliyofungwa kwa maneno machache namna hiyo. Bibi alikuwa anasema kitu ambacho kila anayezungumza Kiswahili anakijua tangu utotoni. Sisi ni watu wa mafumbo. Mke mwenza huvaa kanga yenye maandishi akapita mbele ya mlango wa mwenzake, na mtaa wote ukajua aliyeambiwa. Kwenye taarabu, mwanamke huinuka kwenda kumtuza mwimbaji katikati ya ubeti fulani, na ukumbi mzima ukajua anamtuzia nani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligundua. Hakuna hata mmoja hapo anayekubaliwa kujitetea kwamba hakutaja jina, kwa sababu ufundi wote wa fumbo ni kumpiga mtu bila kumtaja. Ajabu ni kwamba mtu aliyelelewa ndani ya lugha hii akipanda jukwaani hudai kwamba maneno yana maana ile tu iliyoandikwa.

Hili si la kanga na taarabu peke yake. Tarehe 2 Septemba 1998, Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda. Moja ya makosa yake ilikuwa kuchochea mauaji ya kimbari hadharani na moja kwa moja. Majaji walikutana na swali hilihili: maneno ya kuzungukazunguka yanawezaje kuitwa ya moja kwa moja? Wakasema uchochezi unaweza kuwa wa mafumbo na bado ukawa wa moja kwa moja, na kwamba kipimo ni utamaduni na lugha ya wasikilizaji: je, waliolengwa walielewa papo hapo walichoambiwa? Simlinganishi mwinjilisti wetu na Akayesu. Makosa hayalingani hata chembe. Lakini kanuni ya kusikia ni ileile. Usiku ule uwanjani hakuna aliyeuliza "nani huyo?" Kwenye rekodi, mara baada ya neno "nguo", anasikika mwanamke karibu na simu akisema kwa sauti ya chini: "Jamani, fundi."

Mvua

Neno "usafisheni" ndilo mchungaji alilitetea zaidi. Alisema kwa lugha ya kanisa kusafisha ni kuomba, kufunga, kutubu. Ni kweli. Nimeimba kwaya utotoni, najua.

Ila hapa ni Ugogoni, na ulikuwa mwezi Novemba. Hii ni nchi kame, mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na zikikawia mtama na uwele hukauka vikiwa vichanga. Tangu enzi za watemi, ambao kuleta mvua kulikuwa jukumu lao, ikikawia watu huuliza: nani ameiharibu nchi? Na nchi iliyoharibika husafishwa. Ukisimama mwezi wa kusubiri mvua, mbele ya watu ambao wazee wao waliishi na swali hilo, ukafunganisha ukame na mtu mmoja kisha ukasema "safisheni", humo hakuna sitiari ya kiroho. Unawapa watu sababu ya zamani na kazi ya kufanya. Mwinjilisti mgeni huenda hakulijua hilo. Mchungaji mwenyeji alilijua vizuri kabisa. Ndiye aliyewahi kunieleza mila hizo, miaka ya nyuma, tukila ugali kwake.

Mwaka 2012 wataalamu waliokutana Rabat, Moroko, chini ya Umoja wa Mataifa, walipendekeza mambo sita ya kutazama kabla ya kusema hotuba fulani imevuka mpaka na kuwa uchochezi: mazingira, msemaji, nia, maudhui, ukubwa wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Nawapa wanafunzi wangu kipimo hiki na wengi hukimbilia nia, kwa sababu ndiyo inayojadilika. Mimi husema nia iwekeni pembeni kwanza. Mazingira nimeshayaeleza. Maudhui mmeyasikia, hadhira nayo ilikuwa mtaa mzima pamoja na wagonjwa vitandani. Kilichobaki chenye uzito ni msemaji. Kijana wa kijiweni akisema maneno yaleyale, watu wanacheka au wanamzodoa. Akisema mtu aliyewawekea watoto wao mikono kichwani saa moja kabla, maneno yanabeba idhini. Vijana wale, mmoja alikiri kwangu baadaye, hawakujiona wanafanya uhalifu. "Tulitumwa," alisema. Hakuna aliyewatuma. Lakini alilitumia neno hilo kwa moyo mweupe, na wala halikumfanya aone aibu.

Kesi isiyofunguliwa

Kisheria kisa hiki kilikuwa na miguu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 22, inamhesabu mshauri au mshawishi wa kosa kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Hata kilichotendwa kikitofautiana na kilichoshauriwa, mshauri hachomoki iwapo kilichotendwa kilikuwa matokeo ya kutarajiwa ya ushauri wake. Ningependa kuona wakili akisimama na rekodi ile ya simu. Lakini kesi ya kupigwa huanza na fomu ya polisi, PF3, na ukienda kuichukua utakutana na swali: ulipigwa kwa nini?

Fundi aliogopa swali hilo kuliko mkono wake. Kifungu cha 154 cha Kanuni hiyohiyo, kama kilivyo katika toleo la 2022, kinaadhibu kile kinachoitwa kumwingilia mtu kinyume na maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Kifungu kinahusu tendo lililothibitishwa mahakamani. Hakimfanyi mtu kuwa mhalifu kwa kusemwa jukwaani. Katiba nayo, ibara ya 14, inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria, na neno ni "kila mtu". Nilimweleza yote haya kwenye benchi la hospitali. Alinisikiliza kwa adabu. Akamwambia muuguzi kwamba alianguka alfajiri akipigilia bati. Muuguzi akaandika bila kuinua macho, akamfunga plasta ya POP, na hapo kesi ikaisha. Kwenye daftari la serikali ya mtaa imeandikwa "ugomvi wa vijana".

Mhubiri hahitaji kuijua sheria hii ili aitumie. Inamfanyia kazi kimyakimya: anayelengwa hawezi kushtaki, hivyo gharama ya fumbo ni ndogo. Nadhani ndiyo maana wahubiri wanaojizuia sana wanapozungumzia wezi, hata majambazi, hawajizuii hapa. Mwizi ana ndugu watakaokwenda polisi.

Fundisho halikuwa shida

Wanafunzi wakifika hapa, mmoja husema: kwa hiyo unataka viongozi wa dini waseme ushoga si dhambi? Sikusema hivyo, na kisa hakihitaji hivyo. Dodoma hii ndiyo iliyolipa jina tamko la Kanisa la Kilutheri (KKKT) la mwaka 2010 lililokataa ndoa za jinsia moja. Kongamano la maaskofu wa Anglikana, Lambeth, mwaka 1998, katika azimio lake namba 1.10, lilisema tendo hilo halipatani na Maandiko, na wahubiri wetu hulinukuu hadi hapo. Nusu ya pili, inayowataka Wakristo wawahudumie watu wote kichungaji na kulaani hofu isiyo na msingi dhidi ya mashoga, sijaisikia kwenye spika. Barua ya Vatican ya Oktoba 1986, iliyosainiwa na Kardinali Ratzinger, ni kali juu ya fundisho kuliko mahubiri mengi ya uwanjani, na barua hiyohiyo inasema ukatili wa maneno au vitendo dhidi ya watu hawa unastahili kulaaniwa na wachungaji wa Kanisa popote unapotokea. Wachungaji wanatajwa humo. Kazi ya kulaani haikuachiwa polisi.

Kwenye mtaa wetu kazi hiyo aliifanya sheikh wa msikiti mdogo ulio ng'ambo ya barabara. Ijumaa iliyofuata, kwenye hotuba, alisema haramu ni haramu na hakuipunguza. Kisha akasoma Surat al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza dhana mbaya na kupelelezana, akaongeza ile ya Surat an-Nur kuhusu mwenye kusingizia uchafu bila mashahidi wanne: viboko themanini. "Mashahidi wanne," alirudia. "Wewe uliyegonga dirisha la mtu usiku, mashahidi wako wako wapi?" Hotuba haikufika robo saa. Vijana wawili Waislamu waliokuwa kwenye kundi lile walikwenda wenyewe kwa mama mwenye nyumba kuomba radhi, wakamletea gunia la mkaa. Gunia la mkaa si haki, najua. Ila ni zaidi ya kilichotoka upande wa pili.

Jumapili, siku mbili baada ya hotuba hiyo, nilikaa benchi la nyuma kanisani. Matangazo yalikuwa marefu: sadaka ya mkutano, deni la kukodi spika, harusi mbili, msiba mmoja. Watatu kati ya vijana wale walikuwa wamesimama kwenye safu ya besi. Niliusubiri ule wakati mchungaji anapofunga daftari na kusema, "na jambo moja la mwisho, wapendwa." Alifunga daftari. Tukaimba.

Kwangu mimi hapo ndipo kosa lake lilipokamilika. Ijumaa angeweza kusema mgeni aliteleza, na kuitika amina ni mazoea. Jumapili alikuwa na habari kamili: anajua mkono umevunjika, anajua nani alivunja, anajua wanamtazama ili wajue kama walifanya sawa. Ukimya wake waliuchukua kama jibu. Mwezi mmoja baadaye, mwanamke wa mtaa wa pili anayeishi peke yake alikuta mlango wake umeandikwa kwa mkaa neno "safisha".

Mambo haya yana jirani. Februari 2010, Mtwapa, pwani ya Kenya, ulizuka uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Sheikh mmoja na askofu mmoja walizungumza pamoja na waandishi wa habari wakitaka hatua zichukuliwe dhidi ya kituo cha afya kilichowahudumia mashoga. Kesho yake umati wa mamia ulikizingira kituo. Harusi haikuwepo. Januari 2011, Uganda, kwenye mazishi ya David Kato, mwanaharakati aliyeuawa kwa nyundo nyumbani kwake, mchungaji wa ibada alishika kipaza sauti akaanza kuwashutumu mashoga mbele ya jeneza, na wanakijiji wakakataa kuzika. Aliyemaliza ibada ni askofu mstaafu Christopher Senyonjo. Mazishi ni yaleyale. Waliotofautiana ni watu wawili wenye kola.

Alichotaka bibi

Baraza la wazee lilikutana mara mbili. Mzee wa karatasi alijiuzulu uzee wa kanisa, sababu ikatajwa kuwa ni afya. Mwinjilisti alipigiwa simu. Alisema yeye hupanda mbegu tu na hawezi kuulizwa imeota wapi. Kwa ushahidi nilionao, mahakamani wakili mzuri angemchomoa. Mchungaji alikuja na pendekezo, na nisiwe mchoyo, lilimgharimu: kanisa limnunulie fundi cherehani mpya, na yeye mwenyewe amwombe bibi radhi mbele ya wazee, ndani, kwenye chumba cha sakristia.

Bibi alikubali cherehani. Kuhusu radhi aliuliza zile spika ni za nani.

"Za kukodi, bibi. Ziko mjini."

"Zinakodishwa shilingi ngapi?"

Mchungaji akamtajia. Bibi alifungua fundo la kanga yake, akahesabu noti polepole, akaziweka mezani. Hazikutosha hata nusu. Akasema nyingine ataleta baada ya mavuno, na kwamba hataki mahubiri, anataka maneno yasiyozidi aliyosema yule mgeni, uwanjani, saa tatu usiku, na zile tatu zigeukie kwenye nyumba za watu kama siku ile.

Mchungaji alizirudisha zile noti mkononi mwake taratibu, akamwambia watalitazama jambo hilo.

Fundi sasa yuko Manyoni, anashona sare za shule kwa cherehani ile mpya; mkono haunyooki vizuri na mkasi anaushika kwa kushoto. Mvua ilikawia mwaka ule mpaka katikati ya Januari. Majoho saba bado yako stoo kwa mama mwenye nyumba, yamekatwa, hayajaunganishwa, na kwaya haijatuma mtu kuyaulizia.